Cairo Waliniingiza Mjini, Bibi Akanitoa

Niseme ukweli mapema nisije nikaonekana msomi: mimi Misri nilikwenda kuangalia mpira.

Ilikuwa Juni 2019. Taifa Stars walikuwa wamefuzu fainali za Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1980, na sisi tuliokuwa tukihadithiwa tu habari za Lagos tukaona hii haitupiti. Nikachanga, nikakopa, nikauza na spika zangu kubwa ambazo majirani walikuwa wakizilalamikia. Matokeo mnayajua, msinitoneshe kidonda. Senegal 2-0. Kenya 3-2, tena tukiwa tumeongoza mara mbili. Algeria 3-0. Nikarudi Bongo sauti imekauka na bendera iko mfukoni.

Sasa, kati ya kipigo na kipigo kulikuwa na siku za kukaa bure. Wenzangu wakawa wanazunguka madukani kutafuta viatu na manukato. Mimi na mshkaji wangu mmoja wa Temeke tukaambiwa kuna sehemu pale Giza, ndani ya mto Nile, watu wanaishi kama zama za Farao. Tukaona twende, mradi siku ipite.

Sehemu yenyewe inaitwa Kijiji cha Kifarao. Unapanda chombo, kinakupitisha taratibu kwenye mifereji, huku miungu ya mawe imesimama kandokando kama askari wa getini. Halafu unaanza kuwaona watu wenyewe. Huyu analima kwa jembe la ng'ombe, yule mama anakanda unga, kule mafundi wanafyatua matofali ya udongo, wote wamejifunga vitambaa vyeupe kiunoni. Miti imepandwa kuzunguka pande zote ili magorofa ya jiji yasionekane. Mshkaji akaninong'oneza: "Hawa ni Kaole tu hawa, tofauti ni mavazi." Nikacheka. Na kweli mmoja wao alikuwa na alama nyeupe ya saa mkononi, saa yenyewe ameivua.

Kicheko kiliniisha tulipofika kwa fundi wa karatasi.

Jamaa alikuwa amekaa na fungu la mimea ya kijani, mirefu, shina lake lina pembe tatu, kichwani imechanua kama nywele za mtoto aliyetoka kulala. Nikaganda. Nikamvuta mshkaji shati: "Oya, si mafunjo haya? Haya haya ya kwetu Musoma?" Yeye mtoto wa Temeke mafunjo atayajulia wapi. Akanijibu: "Usianze ushamba wako."

Fundi akamenya ganda la nje, akabaki na moyo mweupe wa ndani. Akauchana vipande vyembamba, akavipanga kimoja kando ya kingine, juu yake akapanga vingine kwa kukatiza, akafunika, akakandamiza. Basi. Hakuna gundi, hakuna mashine. Kwa karatasi ya namna hiyo Wamisri waliandika kwa karibu miaka 4,000, mpaka karatasi za kisasa zilizotokea China kupitia kwa Waarabu zilipoiua biashara yao.

Nikawa nimenogewa, nikaanza kuuliza maswali, na niliporudi nyumbani nikaendelea kusoma. Mwanzilishi wa kijiji kile ni marehemu Dk. Hassan Ragab, mhandisi aliyekuwa jeshini, kisha akawa balozi wa Misri nchini China. Huko China akaona familia zinatengeneza karatasi kwa mikono majumbani mwao. Akajiuliza, kwetu je? Maana Misri, nchi iliyoipa dunia karatasi ya mafunjo, haikuwa na mtu hata mmoja aliyejua inatengenezwaje. Ujuzi ulikuwa umekufa kabisa. Si hivyo tu, mmea wenyewe ulikuwa karibu umetoweka nchini. Miaka ya 1960 mzee wa watu akaagiza mafunjo kutoka Sudan, akayapanda kwenye Nile pale Giza, akaanza kujaribu na kukosea, kujaribu na kukosea.

Unaweza kudhani Wamisri wenyewe waliacha maelezo. Wapi! Walichora makaburini watu wakivuna mafunjo na kuyabeba mgongoni, lakini jinsi ya kutengeneza karatasi hawakuandika popote. Fikiria, watu waliokuwa na karatasi kuliko wote duniani hawakuona haja ya kuandika inatengenezwaje. Nadhani waliona kila mtu anajua. Maelezo pekee ya zamani tuliyo nayo ni ya Mrumi mmoja, Plinio Mzee, aliyeandika kwa Kilatini katika karne ya kwanza, na hayo nayo yamewagombanisha wasomi mpaka leo. Plinio anasema maji ya Nile yenye tope ndiyo yanayofanya kazi ya gundi. Waliojaribu kwa mikono yao wakagundua tope halihusiki, utomvu wa mmea wenyewe ndio unaoshika. Plinio anataja sindano. Ya nini? Mwaka 1980 mtaalamu mmoja wa Uholanzi, Hendriks, akasema shina halikuwa likichanwa vipande, lilikuwa likimenywa kwa kuzunguka kama mtu anavyokunjua mkeka. Wenzake wakambishia. Na bado wanabishana.

Watu wa aina hii wako wengi, na sikujua. Mwaka 1994 Mmarekani Bob Brier na mwenzake Ronald Wade walichukua mwili wa mtu aliyejitolea kwa sayansi wakaukausha kwa magadi kama walivyofanya Wamisri, ili tu wajue ilikuwaje. Mwaka 2019 ule ule niliokwenda mimi, Seamus Blackley, mmoja wa waliobuni mashine ya michezo ya Xbox, alioka mkate kwa hamira iliyochukuliwa kwenye vyungu vya kale vya Misri. Unaweza kuwaita vichaa. Mimi nawaelewa kidogo, na sababu mtaiona.

Turudi Cairo. Tulipotoka kijijini mtu akatudaka barabarani. "My friend! Tanzania! Hakuna matata!" Akatuvuta dukani kwake, duka silitaji, tukapewa chai ya hibiski, yaani rosela ya moto. Ukishakunywa chai ya mtu umekwisha. Akatandika mbele yangu karatasi ya mafunjo, imechorwa moyo wa marehemu unapimwa kwenye mizani dhidi ya unyoya, na mungu mwenye kichwa cha mbweha amesimama pembeni kama mtu wa mizani sokoni. Bei dola 60. Tukavutana, nikaipata kwa dola 30, na jina langu likaandikwa kwa maandishi ya Kifarao bure. Nikatoka kifua mbele.

Ile karatasi niliitundika sebuleni kwangu Sinza. Kila mgeni alipewa somo. Nilikuwa naongea habari za Plinio mpaka soda ya mgeni inapoa. Na Desemba nilipokwenda Musoma kwa Krismasi nikaikunja, nikaitia kwenye bomba la plastiki, nikaenda nayo kuwaringia ndugu.

Bibi yangu alikuwa akiishi karibu na daraja la Kirumi, pale mto Mara unapopanuka na kuwa kinamasi kabla ya kuingia Ziwa Victoria. Mafunjo pale ni bahari. Maisha yake yote bibi alisuka majamvi ya mafunjo. Majamvi yale yamenisomesha, nasema hivyo sasa kwa sababu kuna siku niliyakana.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Umeniletea nini toka kwa wake zako wa mjini?"

Nikafungua bomba kwa mbwembwe. Nikaanza hotuba: bibi, hii ni karatasi ya Farao, imetengenezwa kwa mafunjo, haya haya ya hapa. Bibi macho yalikuwa yameshaanza kumpotea, hakuitazama picha kabisa. Akaipapasa. Akaipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, akainusa, akailambisha ncha ya kidole chenye mate, akapapasa tena.

"Hili ganda la mgomba," akasema.

Nikacheka. Nikamwambia bibi, hii nimenunua Misri kwa dola 30. Akaniuliza dola 30 ni shilingi ngapi. Nikamwambia zinakaribia elfu sabini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole, kama mtu anayemwambia mwenzake habari za msiba: "Mume wangu, elfu sabini wamekuuzia ganda la mgomba. Mafunjo yana mifupa. Hili halina."

Akaikunja pembe moja. Ikapasuka kavu, krak, kama chapati ya juzi. Nikaikimbiza nje nikaiangalia juani. Karatasi halisi ya mafunjo ukiielekeza kwenye mwanga unaona nyuzi za tabaka moja zinakatiza nyuzi za tabaka jingine, hazilingani, nyingine nene nyingine nyembamba. Hii yangu ilikuwa na mistari iliyonyooka kama daftari. Baadaye nilikuja kusoma kwamba bandia za migomba zimejaa kwa watalii, na wanaoumia zaidi ni wakulima wa Misri wanaotengeneza kitu halisi, kama wale wa kijiji cha al-Qaramous huko Sharqia, ambao biashara yao ilikuwa imeshayumba watalii walipopungua baada ya mwaka 2011. Lakini siku ile sikuwa na huruma na mtu. Nilikuwa nimeingizwa mjini, mimi mtoto wa mjini, na aliyenishitua ni bikizee wa Kirumi asiyejua kusoma.

Shangazi yangu alicheka mpaka akakaa chini.

Basi nikasema, liwalo na liwe, nitaitengeneza mwenyewe. Nilishaona kwa macho yangu, nimesoma, mafunjo yako hatua mia kutoka mlangoni. Kuna ugumu gani?

Bibi akasema mkate alfajiri kabla ya jua, na mkishakata msimamishe mashina ndani ya ndoo ya maji, shina chini kama yalivyokuwa yakiota. Mimi nikakata saa tano mchana baada ya chai na viazi, nikayalaza uani. Ndoo ya nini? Plinio hajataja ndoo. Kufika jioni moyo wa shina umeanza kuwa wa kahawia na umesinyaa. Nikauchana kwa kisu cha jikoni, vipande vinene kama vipande vya mihogo. Nikavipanga, nikafunika kitambaa kibichi, nikaweka jiwe la kusagia juu, nikasubiri siku nne bila kugusa. Kufunua, harufu ilimfukuza hata paka. Ukungu mweusi kila mahali, na vipande havijashikana, kila kimoja kivyake kama abiria wa daladala.

Kosa langu lina ndugu yake mkubwa. Mwaka 1969 Mnorwe Thor Heyerdahl aliunda chombo cha mafunjo pale pale Giza, jirani na piramidi, akifuata michoro ya makaburini. Mafunjo yalitoka Ziwa Tana, Ethiopia, na mafundi aliwatoa Ziwa Chad, ambako watu walikuwa bado wanaunda mitumbwi ya namna hiyo. Chombo kikaitwa Ra. Katika michoro kuna kamba inayotoka kwenye ncha ya tezi, yaani nyuma ya chombo palipopinda juu, ikishuka mpaka sitahani. Walioijenga Ra hawakuona kazi ya kamba ile. Tezi limesimama lenyewe, kamba ya nini? Wakaiacha. Walipofika katikati ya Atlantiki tezi likaanza kulala majini, mawimbi yakaingia, mafunjo yakafumuka, na mwezi Julai ikabidi wakiache chombo wakiwa wamebakiza siku chache kufika Barbados. Kumbe kamba ile ndiyo iliyokuwa ikilivuta tezi kama springi. Mwaka 1970 wakarudia kwa Ra ya pili, iliyoundwa na mafundi Waaymara wa Ziwa Titicaca huko Bolivia, wakatoka Safi, Morocco, wakafika Barbados kwa siku 57. Kwamba Wamisri waliwahi kufika Amerika, hilo wataalamu wengi hawalikubali, na mimi simo. Mimi naongelea kamba tu. Mwenye mchoro alijua kwa nini ameichora.

Na bibi alijua kwa nini amesema ndoo.

Mara ya pili nilikaa kama mwanafunzi. Tulikata alfajiri, mimi na shangazi, magoti majini, mbu wanatusalimia. Mashina yakakaa ndoo. Bibi aliketi kwenye jamvi lake chini ya mwembe na kazi ikaanza kwa kumenya. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho nimekiona tangu utoto bila kukiona. Bibi alipomenya, ganda la nje aliliweka kulia, hilo ndilo la kusukia. Moyo mweupe aliutupa kushoto. Miaka yote alikuwa akitupa moyo! Sisi watoto tuliutafuna ukiwa mbichi kupata majimaji yake, uliobaki walikula mbuzi. Wamisri nao ganda walilifanyia kamba, ndara na mikeka, na sehemu ya chini ya shina waliila. Hilo la kula Herodoto aliliandika katika karne ya tano kabla ya Kristo. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa sawa Kirumi na Misri, isipokuwa kwetu taka za bibi zilikwenda kwa mbuzi na kwao zilikwenda kwa waandishi.

Kisu changu bibi alikikataa. Akaomba mshipi, ule uzi wa nailoni wa kuvulia. Akaufunga ncha moja kwenye dole gumba la mguu, ncha nyingine akaikamata kwa meno, akaupitisha kwenye moyo wa shina kama mtu anayekata sabuni. Kikatoka kipande chembamba, unaona kidole upande wa pili. Mimi nilijaribu nikajikata mdomo.

Vipande tukaviviringisha kwa chupa ya soda kukamua maji, tukaviloweka siku tatu kwenye beseni tukibadilisha maji asubuhi na jioni. Halafu tukapanga, safu ya kwanza ya wima, kila kipande kimepanda kidogo juu ya mwenzake, safu ya pili ya kulala. Kitambaa chini, kitambaa juu, ubao, na juu ya ubao madumu mawili ya maji. Na kila siku tulibadilisha vitambaa kwa vikavu, hilo ndilo nililokosea mara ya kwanza. Siku ya sita tukafunua. Rangi ya maziwa yenye majani kidogo ya chai. Imeshikana. Nikaisugua kwa gamba la konokono mpaka ikalainika, kama Plinio anavyosema, ingawa yeye anataja pia pembe ya ndovu, ambayo hatukuwa nayo. Nilipoiinua juani nyuzi zikakatizana, nene na nyembamba, mifupa mitupu.

Bibi akaipapasa muda mrefu.

"Sasa inafanya kazi gani?" akauliza.

Swali hilo lilinikuta sijajiandaa. Karatasi ya mafunjo ya zamani kuliko zote iliyopatikana ilikuwa kwenye kaburi la afisa mmoja aitwaye Hemaka, huko Saqqara, ina umri wa karibu miaka 5,000, na haijaandikwa hata nukta. Nami ningeirudisha yangu Sinza hivyo hivyo, niitundike, nihutubie wageni. Nikamwambia bibi, inaandikwa. Akasema, basi andika.

"Niandike nini?"

"Madeni yangu."

Bibi, kama nilivyosema, hakujua kusoma. Madeni yake aliyatunza kwa mafundo kwenye kamba iliyoning'inia nyuma ya mlango, kila mdeni na fundo lake, na yeye peke yake ndiye aliyejua fundo lipi la nani. Kwa macho yale na umri ule, akijifia, kamba ile ingekuwa kamba tu. Nadhani alikuwa ameliwaza jambo hili kwa muda mrefu.

Wino tulitengeneza kwa masizi ya chungu na gundi ya mgunga, ndivyo Wamisri walivyofanya, wakiwa na mwekundu pia wa vichwa vya habari kama gazeti hili. Kalamu, tete lililochongwa. Bibi akashika kamba, akaanza kupapasa fundo moja baada ya jingine. "Andika. Mwenye mtumbwi wa pale mwaloni, majamvi 6 ya kuanikia dagaa. Andika. Mke wa fundi baiskeli, majamvi 2, alisema akijifungua atalipa, mtoto sasa yuko darasa la tano."

Shangazi anacheka, mimi naandika, wino unavuja kwenye nyuzi. Nikawa namfikiria Merer. Mwaka 2013 timu ya Mfaransa Pierre Tallet ilipata huko Wadi al-Jarf, ufukweni mwa Bahari ya Shamu, karatasi za mafunjo zilizoandikwa ambazo ni za zamani kuliko zote zilizowahi kupatikana, za miaka kama 4,500 iliyopita, zama za Farao Khufu mwenyewe. Mtu ungetegemea siri za piramidi. Hakuna siri. Msimamizi mmoja aitwaye Merer ameandika leo kikosi kimepakia mawe Tura, leo tumelala njiani, leo tumefika Giza. Na karatasi nyingine za hapo ni hesabu za chakula kilicholetwa kwa wafanyakazi. Nani kapewa nini.

Nilifikiri tumemaliza, bibi bado ameshika fundo moja la mwisho.

"Andika na jina lako."

"Mimi tena, bibi?"

"Jamvi 1."

Nikajua papo hapo. Nilipochaguliwa kwenda sekondari ya bweni, bibi alikuja kunitembelea muhula wa kwanza, amepanda nyuma ya lori la samaki, kichwani ana jamvi jipya la kutandika chini ya godoro langu. Wenzangu wakauliza yule ni nani. Nikasema ni mama mmoja anauza majamvi mtaani kwetu. Alipoondoka jamvi nikalisukumiza nyuma ya bafu, na huko likaozea. Nilikuwa na miaka 14. Nilikuwa nikijua kwamba hakusikia, kwa sababu hakuwahi kusema lolote kwa miaka yote hiyo.

"Bibi, ulisikia?"

"Andika," akasema.

Nikaandika. Mkono ulitetemeka, herufi zile mpaka leo ukiziona utajua.

Bibi alifariki Februari 2022. Siku ya kuanua tanga, baada ya chakula, wazee wakauliza kama kulivyo desturi: marehemu anadai, marehemu anadaiwa? Nikatoa karatasi. Watu wakasogea kuitazama, wengine walidhani ni ngozi. Nikasoma. Mke wa fundi baiskeli akalipa pale pale, amejifunika uso kwa khanga kwa kucheka na kulia. Mwenye mtumbwi akasema majamvi yalikuwa manne si sita, zogo likaanza, akalipa matano. Nikaendelea mpaka mstari wa pili kutoka mwisho, nikaanza kuikunja karatasi.

"Bado mmoja," shangazi akasema kwa sauti. Ndiyo, alikuwepo siku ile.

Nikasoma jina langu. Watu wakacheka, wakidhani ni utani wa bibi na mjukuu wake. Nikatoa noti ya elfu kumi nikaiweka kwenye sahani. Shangazi akaichukua, akanirudishia mkononi.

"Imeandikwa shilingi hapo?"

"Imeandikwa jamvi."

"Haya."

Tangu hapo kila likizo nakwenda Kirumi kujifunza kusuka. La kwanza lilipinda upande mmoja kama mtu aliyelewa. La pili lilinyooka ila lilikuwa na matundu ya kupitisha kuku. Shangazi ameyakataa yote mawili.